Mistari Minane ya Pundamilia

Ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazunguka mashamba yale mchana kutwa na kila mtu atakukodolea macho tu. Sema Pundamilia. Hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole: nyumba ile yenye cherehani barazani, yenye mabeseni kumi na moja ya buluu yaliyotundikwa ukutani, na trekta imeegeshwa uani chini ya paa la mabati. Hapo ndipo kwake. Na ukifika, usilitamke jina hilo kwa kunong'ona kama mtu anayesengenya. Atakukatiza. "Sema kwa sauti," atakwambia. "Mimi sijaiba jina la mtu."

Halikuwa jina la sifa, tuelewane mapema. Lilianza kama tusi, tena tusi la haki, na ndiyo maana lilimchoma hadi kwenye mfupa. Leo limepakwa rangi kwenye boneti ya trekta, mistari minane myeupe, mmoja umepinda. Nani aliyeipaka na kwa nini mmoja umepinda, hayo yana safari yake.

Udereva aliurithi. Baba yake alikuwa dereva katika shamba kubwa la kampuni, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula cha mchana ndani ya kopo. Akiwa na miaka kumi na moja, baba akampakata, akamwekea mikono kwenye usukani, akamwambia, "Hii ina mdomo kuliko mama yako. Wewe isikilize tu, itakueleza kila kitu." Akaisikiliza. Akajua sauti ya injini iliyozidiwa na sauti ya injini inayodeka. Kisha baba akafa, kampuni ikafunga, na kwa miaka thelathini hakuna aliyempa usukani. Alilima kwa jembe la mkono, na kila trekta ya kukodi ilipopita barabarani alisimama, akatega sikio, akamwambia mumewe, "Yule gia yake iko juu mno. Ataua klachi kabla ya jioni."

"Na wewe una jembe mkononi," mumewe angemjibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Lima, mama. Klachi ya watu haikuhusu."

Huyo mume ni fundi wa nguo, mtu mpole wa maneno machache, shingoni ana futi ya kupimia siku zote, hata kwenye mazishi. Usimdharau. Bila futi ile hadithi hii isingekuwepo.

Sasa, wakulima ishirini na sita wa upande ule walikuwa na chama chao, na trekta za kukodi zilikuwa zimewachosha. Zilikuja ardhi ikiwa imeshakauka, au hazikuja kabisa. Wakajikusanya miaka kadhaa, wakapata uwezo wa kununua trekta yao pamoja na mashine ya kurusha mbolea. Wakateua watu wanne waende kuchagua. Mwenyekiti alikuwemo, bila shaka. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, mtu mwema kwa kweli ila akishapenda kitu haambiliki. Na Pundamilia alikuwemo, wakati huo bado hajaitwa Pundamilia, kwa sababu kila mmoja alichoka kumsikia akizikosoa trekta za watu na walitaka wamwone akichagua ya kwake.

Wakafika kwenye uwanja wa mashine. Palikuwa na trekta moja nyekundu, kubwa, yenye chumba cha vioo, kiyoyozi ndani, na kiti kinachonesa ukikikalia. Mwenyekiti akapanda. Akakaa. Akafunga mlango. Walimwona kupitia kioo akitabasamu peke yake.

"Tumemaliza," akasema aliposhuka. "Hii ndiyo ya watu wenye heshima zao."

Pundamilia alikuwa ameshafungua mkoba wake. Alichomoa futi ya mumewe kutoka kwenye mkoba, akachuchumaa nyuma ya ile nyekundu, akapima kutoka tairi hadi tairi. Muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi, akamtazama kwa huruma.

"Mama, vipimo vyote viko kwenye karatasi."

"Mwanangu, karatasi haipiti langoni kwangu."

Kwa sababu alikuwa ameshapima malango. Yote ishirini na sita, pamoja na daraja la magogo, wiki nzima kabla ya safari ile, watu wakimcheka. Ile nyekundu isingepita kwenye malango tisa. Tena ilikuwa nzito, na mashamba yao ya bondeni yana udongo laini. Likipita dude la namna ile mara mbili, ardhi inashindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, na mzizi wa mhindi hauna sururu.

"Lakini hii ina kompyuta," muuzaji akajaribu tena. "Ikiharibika, inakwambia yenyewe imeharibika wapi."

"Na fundi wake anakaa wapi, itaniambia?"

Muuzaji akataja mji mmoja ulio mbali, safari ya siku mbili.

"Basi itakuwa inaniambia 'naumwa', na mimi naiambia 'pole'."

Wale wajumbe wawili waliobaki wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichopiga kura. Wakachukua trekta ya buluu, fupi, haina chumba wala kioo, injini yake unaifikia kwa spana moja. Na ya kurushia mbolea wakachukua ya sahani mbili: ina pipa juu lenye umbo la faneli, mbolea inashuka, inaangukia sahani mbili zinazozunguka kwa kasi, zinaitupa kushoto na kulia. Mwenyekiti alitaka ile yenye pipa kubwa kuliko zote. Akashindwa hapo pia. Njia nzima ya kurudi alikaa mbele na dereva wa lori, amekunja mikono.

"Mmechagua wenyewe," alisema walipofika. Akayaweka hayo maneno akiba.

Ufunguo wakampa Pundamilia. Miaka thelathini, jamani! Aliufunga kipande cha kitambaa chekundu kutoka kwenye mabaki ya fundi, akalala nao chini ya mto kama mtoto na pipi. Siku ya kwanza alipoiwasha alizima tena, akashuka, akaingia chooni kulia, akatoka amenawa uso. Fundi alijua.

Chama kilikuwa na kanuni moja ya busara, au ndivyo walivyodhani: shamba la dereva mwisho. Kila trekta inapokwenda, iwe kulima au kurusha mbolea, dereva hujihudumia baada ya wenzake wote, asije akasemwa kwamba anajipendelea. Ni kanuni nzuri ukiisikia. Ndiyo iliyomtia aibu.

Msimu wa kwanza wa kurusha mbolea alianza na shamba la Mwalimu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na ghala. Mwalimu ni mwanamke mstaafu, amefundisha nusu ya wanachama wale kusoma, na hadi leo akikohoa watu wazima wanakaa sawa. Kwenye pipa la mashine kulikuwa na kibao cha vipimo kutoka kiwandani. Kilisema: acha mita kumi na nane kati ya mpito mmoja na mwingine. Dereva wetu akafuata kibao neno kwa neno, akajisifu moyoni kwa jinsi alivyonyoosha mistari yake.

Alichokuwa hajui ni hiki. Kibao kile kilikuwa kinazungumzia mbolea ya punje kubwa na nzito. Ya kwao ghalani ilikuwa punje ndogo, nyepesi, nyeupe kama sukari. Chukua harage ulirushe, halafu chukua punje ya mchele uirushe kwa nguvu ile ile, uone kipi kitafika mbali. Mbolea yao haikufika mita kumi na nane. Kila alipopita, aliacha nyuma yake ukanda uliokula na ukanda uliolala njaa, na juu ya trekta huoni kitu, kwa sababu vumbi ni lile lile.

Alimaliza shamba hilo tu, mvua ikaja, trekta ikashindwa kuingia. Waliobaki wote, pamoja na yeye, wakamwaga mbolea kwa mkono.

Baada ya wiki tatu Mwalimu alimwita. Wakasimama kwenye ukingo wa shamba. Kijani, njano, kijani, njano, imenyooka kabisa hadi mwisho, kazi safi ya dereva aliyejua kunyoosha.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "nilikupa shamba la mahindi, umenirudishia pundamilia."

Kulikuwa na watu nyuma yao. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Jioni ile jina lilikuwa limefika sokoni, na Mwenyekiti akaitoa ile akiba yake: "Mmechagua wenyewe."

Mwalimu alivuna nusu. Na kilichomwumiza dereva kuliko kicheko ni kwamba shamba lake mwenyewe, lililosubiri mwisho kwa mujibu wa kanuni, lililomwagiwa kwa mkono, lilistawi kuliko yote. Alikosea yeye, akalala njaa mwingine. Hakuweza kulitazama. Alipovuna alipakia magunia kwenye trela, akayapeleka hadi mlangoni kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea..."

"Marahaba. Rudi nayo." Mwalimu hakutoka hata nje ya kizingiti. "Sitaki mahindi yako. Nataka ujue kwa nini."

Akageuza trela. Unadhani alikasirika? Alikasirika sana, tena mpaka nyumbani. Kisha akaanza kutafuta kwa nini.

Bwana shamba mmoja alipopita kukagua wadudu, akamwambia sentensi moja tu, mguu mmoja tayari uko juu ya pikipiki: tega vyombo kwa mstari, pita katikati yake, uone mbolea inaangukia wapi. Akaondoka. Pundamilia akakusanya mabeseni ya nyumba nzima: la kuogea, la kufulia, la kuoshea vyombo, na mawili ya jirani. Akayapanga kukata upana wa shamba, akapita, akashuka kuangalia. Mbolea ilikuwa imeanguka ndani, ikadunda, ikaruka nje. Alisikia kabisa ikicheza ngoma kwenye plastiki. Akapita tena. Beseni la kuogea lilikuwa na mbolea maradufu ya mengine, akashangilia, akabadilisha kipimo, mambo yakaharibika zaidi.

Fundi alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai.

"Mama," akasema, "utalinganishaje mikono ya shati ikiwa vitambaa vyenyewe havilingani?"

Alimtazama. Akayatazama mabeseni. Wee! Beseni la kuogea lina mdomo mkubwa, lazima linase mbolea nyingi. Siku ya soko akanunua mabeseni kumi na moja, saizi moja, rangi moja, mchuuzi akamuuliza kama anafungua duka au ana msiba. Fundi akamjazia kila beseni mabaki ya vitambaa, ili punje ikianguka itulie. Na mbolea ya kila beseni akaimimina kwenye chupa ya soda yake, chupa kumi na moja zikasimama mstarini, na hapo hata asiyejua kusoma angeona: za katikati zimejaa hadi shingoni, za pembeni zina vijiko viwili. Akasogeza kipimo, akapunguza nafasi kati ya mpito na mpito, akapita tena, akapanga tena. Hadi chupa zote zikalingana kama wanafunzi wa Mwalimu kwenye paredi.

Ila kuna jambo ambalo mabeseni hayakwambii hadi uwe umeshalifanya. Kila unapopita kujaribu, mbolea inayokosa beseni inaangukia shambani, na hairudi mfukoni. Jaribio bovu linabaki pale pale ardhini, linaota. Lazima pawe na shamba la mtu la kukosea. Na kila mbolea mpya inayokuja ni punje nyingine, ni kuanza upya.

Msimu uliofuata, trekta ilipotoka ghalani haikwenda kwa Mwalimu. Ilikwenda moja kwa moja kwa dereva mwenyewe, kule nyuma ya kilima, karibu na mto, mahali ambapo hakuna anayepita.

Mwenyekiti akamfuata mbio. "Dada, kanuni inasema shamba la dereva mwisho!"

"Kanuni ilikosea."

"Ilikosea nini?"

"Ilinifanya nikosee kwa watu," akasema, lakini injini ilikuwa inawaka, Mwenyekiti hakusikia, na yeye hakurudia.

Kwa nini hakurudia? Kiburi, mimi nasema. Fundi anasema ni haya. Aliona aibu kujisifu kwa jambo lililotokana na kosa lake. Mtu aliyemkanyaga mwenzake hatangazi sokoni kwamba siku hizi anatazama chini. Basi watu wakaona kile walichokiona: dereva anaanza na lake. Wakanung'unika. Lakini kwa misimu mitano hakukuwa na ukanda wa njano kwenye shamba la mtu, na majaribio mawili au matatu yalitosha, na palipokosewa alirudi akarekebisha kwa mkono, hakuna aliyejua.

Ndipo ukaja msimu huu ninaousema. Mbolea ilichelewa. Ilipokuja ilitoka kwa muuzaji mwingine, na punje zake zilikuwa vurugu: kubwa, ndogo, nyingine zimevunjika zikawa unga. Mawingu yalikuwa yameshajipanga upande wa milima. Wanachama walisimama ghalani asubuhi na mapema, kila mmoja na mifuko yake, na trekta ikapita mbele yao ikaelekea nyuma ya kilima.

Wakangoja. Walisikia injini ikienda, ikinyamaza, ikirudi, ikinyamaza. Mara ya kwanza, ya pili. Walipofika ya tano watu walikuwa wanahesabu kwa vidole. Ya nane ilikuwa mchana wa jua kali.

"Mwenzetu anashibisha shamba lake," Mwenyekiti akasema, "sisi tunalamba midomo."

Trekta ikarudi. Dereva alikuwa mweupe vumbi mpaka kope, sauti imemkauka. Alisema maneno matatu. "Nani wa kwanza?" Akafanya mashamba ishirini na matano kwa siku nne, anakula akiwa juu ya kiti. Siku ya tano mvua ikaanguka, na ilipoanguka ilikuwa haina mchezo.

"Na kwako?" fundi alimuuliza, wamesimama barazani wakitazama maji.

"Ghala limefagiliwa. Kwangu basi."

Wiki sita zikapita. Mwenyekiti akaitisha mkutano, ajenda moja: dereva anyang'anywe ufunguo, atafutwe mwingine anayejua maana ya mwisho. Na kwa kuwa chama kilikuwa na desturi ya kutembelea mashamba yote kila msimu, Mwenyekiti akasema kura itapigwa baada ya matembezi, watu wakishaona kwa macho yao shamba la nani limenona.

Asubuhi ya mkutano fundi alimpigia pasi shati la kazi, kitu ambacho hakijawahi kufanyika.

"Waambie," alisema.

"Niwaambie nini? Kwamba mimi mwema?"

"Waambie ulichofanya."

"Shamba lina mdomo," akajibu, akavaa shati likiwa bado la moto.

Kwenye meza ya mkutano Mwenyekiti alinyoosha kiganja, aushike ufunguo hadi kura ipigwe. Pundamilia akauweka mezani, pamoja na kitambaa chake chekundu kilichopauka. Alipouachia, mkono wake ulibaki umekunjika vile vile, kama bado umeushika. Hapo ndipo alipoogopa. Kucheka wamcheke, hilo alilizoea. Lakini kurudi kusimama pembeni ya barabara na jembe, akisikiliza gia za watu wengine hadi uzeeni, moyo ulikataa kabisa.

Wakatembea. Na lo, mashamba yalikuwa mashamba! Kijani kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, kimo kimoja, utadhani yamekatwa kwa mkasi. Kila mwenye shamba alikuwa na maelezo yake. Huyu alisema ni palizi yake ya mapema. Yule alisema ni mbegu. Mwenyekiti, mbele ya shamba lake, alisema ni mkono tu, kuna watu wana mkono wa kilimo. Hakuna aliyetaja trekta. Pundamilia alitembea nyuma, akitazama kila shamba kama mama anayekagua masikio ya watoto kabla ya shule, na licha ya hofu yake alikuwa anatabasamu. Hakuna mstari. Hata kwenye shamba la Mwalimu, hakuna mstari.

Wakapanda kilima, wakashuka upande wa mto. Mwenyekiti alitangulia, kifua mbele, tayari ameinua mkono kuonyesha.

Mkono ukabaki juu.

Shamba la dereva lilikuwa na mistari. Ukanda wa njano, mhindi haujafika magotini. Ukanda wa kijani cheusi, umenenepa ukalala chini, ncha za majani zimeungua. Njano tena. Halafu wenye madoadoa. Nusu nzima ya shamba ilikuwa imeharibika, na nusu iliyobaki haikuonja mbolea.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akasema "Ala!"

Mwalimu ndiye aliyesogea. Alipenya watu kwa fimbo yake, akasimama kwenye ukingo, akaanza kuhesabu kwa sauti, akinyoosha fimbo kama yuko ubaoni. Akafika nane. Akageuka.

"Dereva. Njoo hapa. Huu wa kwanza ni nini?"

"Kipimo cha msimu uliopita, Mwalimu. Mbolea yote ilianguka katikati."

"Wa pili?"

"Nilifungua tundu la pipa zaidi. Ikazidi, ikachoma."

"Wa tatu?"

"Niliongeza kasi ya sahani. Punje kubwa zikaenda mbali, unga ukabaki. Ndiyo maana una madoa."

Akaendelea, mstari kwa mstari, mikono nyuma kama mwanafunzi, sauti ikizidi kupanda kila jibu, kwa sababu alikuwa anayajua majibu, aliyajua yote. Wa nne. Wa tano, ambao ulipinda kwa kuwa beseni moja lilipeperushwa na upepo akakwepa. Wa sita. Wa saba, karibu.

"Na huu wa nane?" Mwalimu akauliza. Ukanda wa nane ulikuwa kijani kimoja, kimo kimoja, ukingo hadi ukingo.

"Wa nane ndio wenu."

Kila mmoja alikuwa ametoka kuliona shamba lake.

"Mbona hukusema?" Mwenyekiti akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mawingu yalikuwa kichwani. Mngeanza kubishana nijaribie kwa nani. Na kwa nani, Mwenyekiti? Nilishajaribia kwa Mwalimu bila kumwomba. Sirudii."

Mwalimu aliishusha fimbo yake. "Nilikwambia nataka ujue kwa nini," alisema. "Unajua. Pundamilia, mwanangu, unajua kuliko sisi wote."

Lilikuwa jina lile lile, kutoka mdomo ule ule ulioliasisi. Ila safari hii alilipokea kama mtu anavyopokea cheti, kwa mikono miwili.

Kura haikupigwa. Mwenyekiti aliutoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwenye shati lake, akamkabidhi mbele ya watu. Wanachama wakaanza kuongea kwa pamoja: kila mtu atoe gunia wakati wa mavuno, wamfidie, yule atoe, huyu pia atoe.

"Sitaki mahindi yenu," Pundamilia akasema, na Mwalimu akacheka peke yake. "Nataka mistari. Minane, kwenye boneti ya trekta, ionekane toka barabarani. Na apake Mwenyekiti."

"Mimi?"

"Si una mkono wewe? Tumekusikia shambani kwako."

Watu walicheka hadi ndege wakaruka kwenye matete. Na Mwenyekiti, sifa yake nimpe, alicheka nao.

Akaja siku ya pili na kopo la rangi nyeupe, akapiga magoti uani kwao tangu asubuhi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipomaliza alisimama, akajishika kiuno. Pundamilia akachukua futi shingoni kwa mumewe, akapima nafasi kati ya mstari na mstari, mmoja baada ya mwingine.

"Huu wa tano umepinda," akasema.

Mwenyekiti akashusha pumzi, akachovya kitambaa kwenye petroli. "Niufute?"

Pundamilia aliikunja futi. Fundi alisimamisha cherehani kusikia atakachosema.

"Uache," akasema. "Hata kule umepinda."

Akapanda kwenye kiti, akawasha, akategea injini sikio kidogo, kisha akaitoa uani polepole, mistari ikiwa mbele yake.